Risasi za bunduki ya upepo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na walenga shabaha wa Tanga

Majibu haya ni ya mwenye bunduki ya upepo ya mtutu wenye mifereji ndani (ya kuizungusha risasi), anayelenga karatasi au makopo kwa umbali wa mita 10 hadi 25 au zaidi kidogo. Mengi yanahusu bunduki za springi za kukunja mtutu, kwa kuwa ndizo zinazoonekana zaidi huku kwetu. Za gesi na za mtungi wa hewa iliyoshindiliwa zina swali lake huko chini.

Risasi ipi ni bora kuliko zote?

Haipo. Bunduki mbili za kiwanda kimoja na toleo moja, zimewekwa meza moja, zinaweza kupenda risasi tofauti kabisa. Sababu ni vipimo: mtutu mmoja umekatwa kubana kidogo, mwingine umelegea kwa sehemu ya mia moja ya milimita, na risasi laini inahisi tofauti hiyo. Kwa hiyo anayekwambia "chukua kopo hili, mimi linanipigia vizuri" anasema kweli kuhusu mtutu wake. Wako utajibu wenyewe kwenye karatasi.

Nitajuaje kipimo cha bunduki yangu?

Tazama juu ya mtutu, karibu na mahali pa kuingizia risasi. Vipimo vya kawaida ni milimita 4.5 (huandikwa pia .177) na 5.5 (.22). Vipo pia 5.0 (.20) na 6.35 (.25), lakini ni vichache. Kama maandishi yamefutika, usikisie kwa kujaribu risasi: peleka kwa fundi mwenye kalipa (kifaa cha kupimia upana) apime mdomo wa mtutu.

Je, bunduki ya upepo inahitaji kibali?

Silaha na risasi nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kabla ya kununua au kuagiza chochote, nenda polisi ngazi ya wilaya ukaulize utaratibu na upewe jibu la ofisi. Usiridhike na neno la muuzaji kwamba "hii ni ya upepo tu". Na ndege wa porini ni wanyamapori chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuwapiga bila ruhusa ni kosa hata kama yuko juu ya mwembe wako.

Namba zilizo kwenye kopo zina maana gani?

Chukua mfano wa kopo la JSB Exact lililoandikwa 4.52 mm, 0.547 g, 8.44 gr. Namba ya kwanza ni upana wa kichwa cha risasi. Ya pili ni uzito kwa gramu. Ya tatu ni uzito uleule kwa greni, na greni moja ni gramu 0.0648.

Upana wa kichwa ndio watu wengi hawauangalii. Risasi za "4.5" zinauzwa kuanzia 4.49 hadi 4.53, na za "5.5" kuanzia 5.50 hadi 5.53. Kichwa kikiwa chembamba mno kwa mtutu wako, risasi inapita bila kukamata mifereji sawasawa, inayumba. Kikiwa kinene mno, unaisukuma kwa nguvu na umeshaikunja kabla hujafyatua.

Risasi yenyewe ina sehemu tatu: kichwa, kiuno chembamba, na sketi ya nyuma iliyo wazi. Sketi ndiyo inayotanuka kwa shinikizo la hewa na kuziba mtutu. Ndiyo pia inayoumia upesi zaidi ndani ya kopo.

Nichague uzito gani?

Kwa bunduki ya springi ya kipimo cha 4.5, anza na greni 7.5 hadi 8.7. Kwa 5.5, anza na greni 14 hadi 16. Humo utakuta risasi nyingi zinazosifika: H&N Field Target Trophy ya 4.5 ina greni 8.64, RWS Superdome ya 4.5 ina 8.3 na ya 5.5 ina 14.5, Crosman Premier ina 7.9 na 14.3, JSB Exact Jumbo ya 5.5 ina 15.89.

Kwa nini katikati? Ndani ya bunduki ya springi kuna pistoni inayokimbia mbele na kubana hewa. Risasi nyepesi sana inatoka upesi mno, hewa haibaki ya kumpunguzia mwendo pistoni, naye anagonga mwisho wa silinda kwa chuma chake chote. Sili (kizibo cha kuzuia hewa isivuje) inakatika, springi inapinda. Risasi nzito sana inakawia, pistoni anarudishwa nyuma na hewa aliyoibana mwenyewe, na nguvu inapotea kabla risasi haijaanza safari.

Yapo makopo yanayojisifu kwa mwendo mkali, na mengi ni ya aloi nyepesi. Usiyafuate. Sauti kwenye joto la nyuzi 30 husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, na risasi yenye kiuno ikikaribia mwendo huo huanza kuyumba hewani. Inatulia zaidi ikitoka kwa mita 200 na kitu hadi 280 hivi kwa sekunde.

Kichwa bapa, cha duara, chenye ncha au chenye tundu?

Kichwa bapa, kama RWS Meisterkugeln, kinakata tundu safi kwenye karatasi na ndicho kinachotumika kwenye mashindano ya mita 10. Kikivuka mita 25 hewa inakikaba. Kichwa cha duara ndicho cha kuanzia kwa kazi zote, kwa kuwa kinashika njia yake mbali zaidi. Zenye ncha zinavutia macho dukani, lakini ncha huviringika au kuinama humo koponi na kila risasi ikaenda kwake. Zenye tundu si za karatasi.

Naweza kutumia gololi za chuma?

Hapana, si kwenye mtutu wenye mifereji. Chuma hakilainiki, kitakwangua mifereji na hakitazunguka. Isitoshe gololi inaruka ikigonga kitu kigumu na kumrudia aliyeipiga.

Ninunue aina ngapi za kupima?

Nne zinatosha: tatu za kichwa cha duara kutoka viwanda tofauti, na moja bapa. Kwa 4.5 kopo la kawaida lina risasi 500, nyingi kuliko zinazohitajika kwa jaribio, kwa hiyo mkiwa wanne wenye vibali kila mmoja anunue kopo moja mgawane sawasawa risasi za kila aina. Ziweke kwenye vikopo vigumu vya dawa vilivyotandikwa pamba, uandike jina, uzito na kichwa juu yake. Zikisafiri kwenye mfuko wa plastiki hadi Muheza kwa bodaboda, sketi zote zitafika zimebonyea.

Kabla ya kupima risasi, nikague nini kwenye bunduki?

Hapa ndipo lawama nyingi za risasi zinapoishia. Kagua haya kwa mpangilio:

Skrubu zote za kitako, mbele na nyuma ya triga. Bunduki ya springi inatikisika kila pigo, skrubu zinalegea zenyewe. Zikaze kwa bisibisi inayojaa kwenye mkato, bila kuzivunja shingo.

Egemeo la mtutu. Funga bunduki, shika mtutu uutikise kulia na kushoto. Ukicheza hata kidogo, hakuna risasi itakayokaa kundi, yaani matundu kukaribiana kwenye karatasi.

Darubini na vishikio vyake. Weka alama ndogo ya kalamu nyuma ya kishikio. Baada ya mapigo 20 tazama kama kimerudi nyuma. Hakikisha pia darubini ni ya bunduki ya upepo. Springi inarusha bunduki nyuma kisha mbele, na darubini isiyotengenezwa kwa mtikisiko wa namna hiyo inavunjika ndani. Tena nyingi za bunduki kubwa zimerekebishwa kwa mita 90 na kitu, kwa mita 10 picha ina ukungu na jicho likisogea shabaha nayo inasogea.

Mdomo wa mtutu. Huku pwani chumvi inaula kwanza. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, kizungushe polepole kwenye ukingo wa ndani wa mdomo. Pamba ikinasa mahali, pana kijino cha chuma kinachoisukuma risasi pembeni inapotoka. Hiyo ni kazi ya fundi.

Sili ya mahali mtutu unapofungia. Weka kipande chembamba cha karatasi ya choo juu ya maungio, fyatua ukiwa na risasi ndani na ukilenga kizuizi. Karatasi ikiruka, hewa inavuja na mwendo hautakuwa sawa.

Napima vipi, hatua kwa hatua?

Kwanza kizuizi. Sanduku la mbao lenye kina cha sentimita 20 au zaidi, limeshindiliwa magunia ya mkonge au matambara, na bamba la chuma nyuma yake. Mchanga mkavu uliochekechwa mawe nao unafaa. Usitumie ukuta wa mawe ya matumbawe wala shina la mnazi: risasi inaruka. Hakikisha nyuma na pembeni hakuna njia ya watu, na kila aliyepo avae miwani ya kinga.

1. Pima umbali kwa futi ya utepe. Kwa bunduki ya kawaida anza mita 10 kuona risasi zipi hazifai kabisa, kisha zilizobaki zipeleke mita 25. Mita 10 peke yake huficha mengi.

2. Tengeneza mto: kata mguu wa suruali ya jinzi, ujaze mchanga mkavu, ushone pande zote mbili. Bunduki ya springi usiilaze moja kwa moja juu ya mto. Weka kiganja kilichofunguka juu ya mto, bunduki ilale juu ya kiganja, karibu na mahali inapojisawazisha. Usiibane. Iache iruke inavyotaka, mradi iruke vilevile kila pigo. Kushika kwa nguvu kunatawanya kundi kuliko risasi mbaya.

3. Piga risasi 10 hadi 20 za aina mpya bila kuzihesabu. Kila aina inaacha utando wake wa madini ya risasi (lead) ndani ya mtutu, na mapigo ya mwanzo bado yanapita juu ya utando wa aina iliyotangulia.

4. Kagua kila risasi kwa jicho kabla ya kuiingiza. Sketi iliyobonyea, kichwa chenye kovu, weka kando.

5. Fungua mtutu hadi mwisho, na mkono mmoja usiuachie mtutu wakati kidole cha mkono mwingine kinaingiza risasi. Triga ikiponyoka mtutu unajifunga kwa nguvu ya kuvunja kidole. Sukuma risasi kwa kidole gumba hadi sketi isawazike na uso wa chuma. Ikichomoza, mtutu ukifungwa unaikata ukingo. Ikizama kila moja kwa kina chake, mwendo unabadilika.

6. Piga makundi matano ya risasi tano kila aina, kila kundi kwenye duara lake la karatasi. Mapigo matatu ni machache mno: bahati peke yake inaweza kuyaweka pamoja, ukashangilia bure.

7. Badilisha zamu. Ukimaliza kundi moja la kila aina, rudi mwanzo kwa mpangilio mwingine, ukikumbuka kupiga risasi kadhaa za kuzoeza mtutu kila unapobadili aina. Ukipiga aina ya kwanza yote asubuhi na ya mwisho yote ukiwa umechoka, umejipima wewe, hukupima risasi.

8. Usiguse darubini katikati ya jaribio. Risasi nzito itapiga chini zaidi. Kwa mita 25, aina inayokwenda mita 210 kwa sekunde huweza kutua karibu sentimita 2 chini ya inayokwenda 240. Hilo halina ubaya. Unachotafuta ni ukubwa wa kundi. Mahali linapokaa utarekebisha baadaye.

Napimaje ukubwa wa kundi?

Pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu lililo mbali nalo zaidi, kisha toa upana wa tundu moja. Kwa mfano, nje hadi nje ni milimita 19, tundu ni 4.5, basi kundi ni 14.5. Lakini angalia: risasi ya kichwa cha duara inachana karatasi ya daftari na kuacha tundu dogo kuliko risasi yenyewe. Piga moja peke yake kwenye karatasi ileile, pima tundu lake, tumia namba hiyo. Karatasi ya manila iliyogandishwa kwenye kadibodi inakatika vizuri zaidi.

Kisha chukua wastani wa makundi matano. Kundi dogo kuliko yote usilitundike ukutani kama ushahidi. Wastani ndio tabia ya risasi.

Kundi zuri ni la ukubwa gani?

Kwa bunduki ya springi ya bei ya kawaida ikiwa juu ya mto, milimita 10 kwa mita 10 ni vizuri, na milimita 25 kwa mita 25 ni vizuri sana. Kwa kulinganisha, pointi ya 10 kwenye karatasi ya mashindano ya kimataifa ya bunduki ya upepo, mita 10, ni kidoti cha milimita 0.5.

Umbo la kundi linaniambia nini?

Mengi, na hapa ndipo tunapoomba usiharakishe. Matundu yaliyopangana wima yanaonyesha mwendo usio sawa: sili inavuja, risasi zina uzito tofauti, au pumzi yako. Yaliyopangana mlalo ni upepo au kidole kinachovuta triga pembeni. Makundi mawili madogo yaliyotengana ni kitu kilicholegea, kwa kawaida darubini au skrubu ya mbele. Manne pamoja na moja mbali: risasi iliyokuwa na sketi mbovu, au ulibadilisha mshiko. Yakitawanyika pande zote bila mpango, mtutu hauikubali risasi hiyo, au mdomo umeharibika.

Ukiona tundu refu kama yai badala ya duara, risasi inafika ikiwa imelala ubavu. Imelegea kwenye mtutu, au ni ndefu na nzito kuliko mifereji inavyoweza kuizungusha. Iondoe kwenye orodha siku hiyohiyo.

Upepo wetu wa pwani unaharibu jaribio?

Kwa mita 10 kidogo, kwa mita 25 sana, hasa kwa 4.5 nyepesi. Pima alfajiri hadi saa mbili asubuhi, kabla upepo wa bahari haujashika. Msimu wa kusi hata asubuhi huweza kuchafuka. Ning'iniza uzi mwepesi wa mkonge katikati ya njia na mwingine karibu na karatasi, upige uzi ukiwa umetulia. Ukipima Raskazone saa tisa alasiri utakuwa unapima bahari.

Bunduki yangu ni ya gesi ya CO2, au ya mtungi. Kuna tofauti?

Ya CO2 inafuata joto. Ukipiga harakaharaka gesi inapoa, mwendo unashuka, matundu yanateremka moja chini ya jingine. Acha nusu dakika kati ya mapigo. Ukiiacha juani, shinikizo linapanda, na vali inaweza kugoma kufunguka. Kivulini, siku zote.

Ya mtungi inavumilia risasi nzito zaidi, na haihitaji ule mshiko wa kulegea. Ila pima kila aina kwenye shinikizo lilelile, mfano kutoka bar 180 hadi 130, kisha ujaze upya. Kwa unyevu wa hapa, anayejaza kwa pampu ya mkono apumzishe pampu na kumwaga maji yake mara kwa mara. Maji yakiingia mtungini, kutu inaanza mahali usipopaona.

Nipange risasi kwa mizani?

Baada ya kupata aina inayokubali, si kabla. Mizani ya 0.01 ya wauza dhahabu inakamata risasi mbovu tu, kwa sababu gramu 0.01 ni karibu asilimia 2 ya risasi ya gramu 0.54. Kwa kupanga kweli inahitajika ya 0.001. Njia isiyo na gharama ni kuviringisha risasi juu ya kioo kilichoinama kidogo: nzima huchora upinde uleule, mbovu hukengeuka.

Risasi zangu zimeota unga mweupe.

Madini ya risasi yameliwa na unyevu wa chumvi, au na mvuke wa siki au wa mbao zenye asidi. Unga huo ni sumu, usiupulize. Kopo likiwa limeota kidogo tu, weka risasi kwenye chujio ambalo halitarudi jikoni, zisuuze kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, suuza tena, zitandaze kivulini juu ya kitambaa zikauke. Zilizoota sana tenga zisitumike. Hifadhi kopo ndani ya chombo kinachobana, ndani ya nyumba, mbali na dirisha la upande wa bahari. Mafuta usizidishe: yakiingia kwenye silinda ya springi yanawaka kwa joto la mbano, utaona moshi na kusikia mlio mkali, na mwendo unaruka ovyo.

Mtutu nisafishe mara ngapi?

Kundi likianza kutanuka bila sababu nyingine. Vuta kitambaa kikavu kwa uzi kutoka nyuma kwenda mbele mara tatu au nne. Ukishasafisha, piga tena risasi 20 kabla ya kuhukumu.

Kuna hatari gani ya kushika madini haya?

Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula au kushika mtoto. Usishike risasi mdomoni wakati wa kupiga. Risasi zilizokusanywa kizuizini usiziyeyushe kwa sufuria ya nyumbani ili kutengeneza chubwi za mshipi. Moshi wake unaingia kwenye damu, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Zipo risasi za bati na zinki, ni nyepesi na ngumu zaidi, na mitutu mingi haizipendi, lakini mwenye watoto wadogo uani azijaribu kwa utaratibu uleule.

Nimerekebisha Tanga mjini, nikienda Lushoto itabaki vilevile?

Si lazima. Huko ni juu zaidi ya mita 1,000, hewa nyepesi, risasi inakabwa kidogo, na bunduki ya springi nayo inabana hewa kidogo. Piga kundi moja ukifika kabla ya kuamini darubini.

Nimepata inayokubali. Nifanye nini sasa?

Tazama namba ya toleo chini au nyuma ya kopo, ununue makopo mawili au matatu ya namba hiyohiyo. Jina lilelile la toleo jingine linaweza kuwa limetoka kwenye kalibu nyingine. Kisha rekebisha darubini: nyingi zina mruko (hatua moja ya kitufe cha kurekebisha) wa robo dakika ya pembe, ambao kwa mita 25 ni kama milimita 1.8. Kundi likiwa sentimita 2 chini, ni miruko 11 kwenda juu. Piga tano tena, na uandike kwenye kifuniko cha kopo umbali, tarehe na wastani wa kundi, ili kopo lijalo lipimwe dhidi ya hilo.